Gharama Zilizo Nje ya Tiketi

Shangazi yangu anaishi Tukuyu, na kila baada ya miezi mitatu huja Dar es Salaam kwa ajili ya kliniki. Ana kisukari. Kwa miaka mingi safari yake ilikuwa hivi: anatoka nyumbani mchana wa siku iliyotangulia, anashuka Uyole, analala gesti, na alfajiri anasimama kando ya barabara kusubiri basi linalotoka stendi ya Mbeya. Anafika stendi ya Mbezi saa mbili au saa tatu usiku, miguu imevimba, kisha anatafuta bajaji ya kumfikisha Mbagala kwa mwanawe. Siku moja tuliketi naye tukapiga hesabu. Gesti 15,000, gari la Tukuyu hadi Uyole 4,000, chakula cha njiani 7,000, bajaji ya usiku 20,000. Jumla shilingi 46,000, na tiketi ya basi bado hatujaigusa. Tulipoitoa mkobani tukakuta ni pungufu ya hapo.

"Kumbe basi lenyewe ndilo rahisi," akasema.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kampuni gani ya mabasi ina bei nafuu, namjibu kwa maswali: unatoka nyumbani saa ngapi, unapandia wapi, na ukifika utafikaje unakokwenda? Tumezoea kupima unafuu kwa nauli na starehe kwa kiti, kwa sababu hivyo viwili vinaonekana dirishani kwa mkata tiketi. Sehemu kubwa ya gharama, na karibu maumivu yote, iko kwingine: mahali basi linapoanzia, saa linapoondoka, hali ya anayelishika usukani, na namna linavyosimama njiani.

Nauli, kwa kweli, ndiyo sehemu iliyo wazi kuliko zote. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hupanga nauli kikomo kwa kila kilomita. Katika mabadiliko ya Desemba 2023, daraja la kawaida lilipanda kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kilomita, na daraja la kati likatoka 56.88 hadi 67.84. Abiria yeyote mwenye simu anaweza kupiga hesabu. Mbeya hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 830, kwa hiyo kwa viwango hivyo daraja la kawaida ni kama 40,000 na daraja la kati ni kama 56,000. Mwanza, yenye kama kilomita 1,150, inafika kwenye 56,000 na 78,000. Nauli kikomo ndiyo bei ya juu kabisa. Msafirishaji anaruhusiwa kushuka chini yake, na kwenye njia zenye ushindani hushuka.

Je, tofauti ya shilingi 16,000 kwa abiria wa Mbeya inanunua nini? Inanunua viti viwili kwa viwili badala ya vitatu kwa viwili, kiyoyozi kinachofanya kazi, na kiti kinacholala kidogo. Kwa safari ya Morogoro au Tanga sioni sababu ya kulipia hayo. Kwa safari ya saa kumi na mbili, naona ndiyo pesa inayotumika vizuri kuliko zote, hasa kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu. Aliyewahi kukaa katikati ya siti ya watu watatu kutoka Singida hadi Mbezi, begi mapajani na mtoto wa jirani amemlalia begani, hahitaji kuelezwa.

Mabasi yenyewe yamebadilika kuliko wengi wetu tulivyotarajia. Wanaokumbuka KAMATA, kampuni ya mabasi ya taifa, wanakumbuka pia safari za kulala Iringa na kubadilisha springi porini. Baadaye wakaja watu binafsi na chesisi za Scania, Leyland na Isuzu zilizojengewa bodi hapa hapa nchini, mabasi magumu ambamo kila shimo la barabara lilimwingia abiria uti wa mgongo. Scandinavia Express, iliyovuma miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwazoesha abiria kudai basi linaloondoka kwa saa. Leo barabara zimejaa Yutong, Zhongtong na Higer kutoka China, yenye mapafu ya upepo badala ya springi za vyuma, vioo visivyofunguka na tundu la kuchajia simu. Mabadiliko hayo ni ya kweli na nayafurahia. Hata hivyo, kioo kisichofunguka kina sharti lake: kiyoyozi kikifa Dumila saa saba mchana, basi la kisasa huwa tanuri kuliko lile la zamani. Kabla ya kulipia daraja la kati, muulize aliyelipanda basi hilo wiki iliyopita. Picha iliyobandikwa ukutani ofisini ilipigwa siku basi lilipotoka bandarini.

Nirudi kwenye mahali basi linapoanzia na kuishia, maana hapo ndipo shangazi alipotoa 20,000. Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ilizinduliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya stendi ya Ubungo. Ni jengo kubwa, safi, lenye nafasi ambayo Ubungo haikuwahi kuota. Lakini iko zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Mtu wa Kibamba au Kimara amefaidika. Mtu wa Mbagala, Kigamboni au Gongo la Mboto ameongezewa safari nyingine juu ya safari yake, na basi likiondoka saa kumi na mbili asubuhi, safari hiyo huanza saa tisa usiku, wakati daladala hazijaamka na bodaboda hutaja bei anayotaka. Ndiyo sababu abiria wengi hawakukubali kuhama kimyakimya. Waliendelea kupandia Shekilango, Urafiki na kwingineko kwenye ofisi za wenye mabasi, na serikali ikaendelea kuagiza mabasi yote yaingie Mbezi. Nimesikia maofisa wakiwalaumu abiria kwa ukaidi. Naona si ukaidi. Wamepiga hesabu kama yetu na shangazi, wakaona Shekilango wanaokoa saa moja na nusu na elfu kumi.

Ukitaka kuona jinsi stendi inavyoamua kila kitu, linganisha Dar es Salaam na Nairobi. Treni ya reli ya kisasa, SGR, ya Nairobi na Mombasa ilianza mwaka 2017, na wengi walitabiri kwamba mabasi ya njia hiyo yatakufa. Hayajafa. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, ya Mombasa iko Miritini, zote nje ya mji, ilhali basi la usiku linakuchukua River Road na kukushusha Mwembe Tayari, mtaani kabisa. Nauli ya daraja la chini ya treni ilipopanda hadi shilingi 1,500 za Kenya Januari 2024, ukaongeza matatu ya kwenda Syokimau na tuktuk ya kutoka Miritini, basi likazidi kuvutia.

Dar es Salaam mambo yamegeuka. Treni ya SGR iliyoanza kwenda Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo inaondokea Stesheni, katikati ya jiji, hatua chache kutoka Kariakoo, na basi ndilo lililosukumwa pembezoni. Tiketi ya kawaida ya treni hiyo hadi Dodoma ilipangwa shilingi 31,000. Basi la daraja la kati, kwa kilomita 450 na viwango vya 2023, ni kama 30,500. Treni inatumia kama saa nne, basi linatumia saa nane au zaidi. Kwa anayetoka Ilala kwenda Dodoma mjini, sioni hoja itakayomrudisha kwenye basi. Wenye mabasi wakilia na ushindani huo nawaelewa, lakini abiria hana deni kwao.

Basi linabaki na nguvu kwa wale ambao reli inawapita. Mkulima wa Kibaigwa mwenye magunia mawili ya mahindi, mama wa Gairo, mwanafunzi wa Dumila anayerudi shule na godoro: hao hawasafiri kutoka jiji hadi jiji. Wanapanda na kushuka katikati, tena na mizigo, na buti la basi ndilo ghala lao. Kwao ushindani wa treni unaweza kuleta hasara, kwa sababu mabasi yaliyojaa abiria wa Dodoma ndiyo yaliyokuwa yakiwabeba kwa viti vinavyoachwa njiani. Abiria wa mwisho wa safari wakihamia relini, mabasi yatapungua, na mama wa Gairo atasubiri muda mrefu zaidi kando ya barabara. Hilo halijapewa uzito linaostahili katika mazungumzo ya usafiri nchini.

Sasa saa za kuondoka. Tangu miaka ya 1990 Tanzania ilizuia mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku kucha, kwa nia njema, baada ya ajali na utekaji wa magari porini. Juni 2023 aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kwamba zuio linaondolewa, na kuanzia Oktoba mwaka huo mabasi yenye vibali yakaanza kuondoka usiku. Kwa takribani miaka 30 tuliishi na matokeo ya zuio hilo bila kuyaita kwa jina. La kwanza ni kwamba nchi nzima iliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mabasi ya Mwanza, Arusha, Mbeya, Songea na Bukoba yalitoka kwenye lango moja kwa wakati mmoja, yakagombea barabara moja hadi Chalinze, kila dereva akijua kwamba akichelewa usiku utamkuta. Kufukuzana kule tulikokulaani kuliandikwa ndani ya ratiba. La pili ni kwamba njia ndefu hazikuweza kumalizwa kwa siku moja. Basi la Bukoba lililala njiani, na abiria walilala ndani yake au wakalipia gesti. La tatu ni siku ya kazi. Mchuuzi wa Kariakoo anayetoka Iringa kufuata mzigo alipoteza siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na siku hizo ni pesa ingawa hazionekani kwenye risiti.

Kwa hiyo basi la usiku limeshusha bei ya safari bila nauli kupungua hata shilingi. Nalisema hili nikijua upande wa pili. Kenya mabasi ya usiku yana historia ndefu, na pia yana kumbukumbu chungu: tarehe 31 Desemba 2017 basi liligongana na lori Migaa, karibu na Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, wakafa watu 36. Serikali ikapiga marufuku safari za usiku, na marufuku hiyo haikudumu. Haikuweza kudumu, kwa sababu mahitaji ya watu kusafiri usiku hayafutwi kwa tangazo. Swali lenye maana ni nani anaendesha, na amelala saa ngapi.

Hapa mamlaka imefanya kazi inayostahili kusifiwa. Mabasi yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, VTS, kinachotuma taarifa LATRA na kupiga mlio dereva akizidisha. Mwendo wa mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Dereva hujitambulisha kwa kitufe chake ili ijulikane nani yuko kwenye usukani, na safari inayozidi saa nane inatakiwa kuwa na madereva wawili. Nimesafiri na abiria waliokasirishwa na ule mlio, wakimwambia konda auzime kwa sababu "gari halitembei". Nawasihi wasiseme hivyo. Zamani mwendo ulisimamiwa zaidi na tochi za trafiki za kupimia mwendo, na madereva waliwashiana taa kuambiana tochi iko wapi. Kifaa hiki hakiwashiwi taa.

Lakini kifaa kinajua mwendo, hakijui usingizi. Dereva wa pili anapumzika wapi? Kwenye baadhi ya mabasi mapya kuna kitanda kidogo kando ya buti. Kwenye mengine mengi amekaa kiti cha konda, macho kodo, anazungumza na mwenzake, anapokea simu za mizigo, na ikifika zamu yake Mikumi saa saba usiku amechoka kama yule anayempokea. Na Mikumi usiku inataka mtu mzima wa akili, maana kwa kilomita kama 50 barabara inapita katikati ya hifadhi, na nyati hajui ratiba ya LATRA. Ningependa kuona kitanda cha dereva wa pili kikiwa sharti la kibali cha usiku, na abiria aweze kukiona kabla ya kupanda. Ili kipatikane, hata televisheni za ndani ya basi zikiondolewa zote, sidhani nitalalamika.

Nimeacha kwa makusudi jambo linaloniuma zaidi. Tunaliita kuchimba dawa. Basi linasimama kando ya kichaka, konda anatangaza dakika tano, wanaume wanasogea hatua tatu, wanawake wanatafuta mahali nyuma ya miti ambayo haipo. Mama mwenye kitenge anamkinga mwenzake, bibi anashikwa mkono kuvuka mtaro, msichana anarudi kitini bila kujisaidia kwa sababu wavulana walikuwa wanatazama dirishani. Hili linafanyika ndani ya safari iliyolipiwa shilingi 56,000, kwenye basi lenye tundu la kuchajia simu. Mabasi mengine yana choo ndani, lakini mara nyingi kimefungwa au kimegeuzwa stoo ya mizigo midogo.

Hoteli za njiani zipo, Korogwe, Msamvu, Ruaha Mbuyuni, Makambako, na nyingi zina vyoo safi kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Tatizo ni dakika. "Kumi tu, jamani, kumi tu!" Abiria hamsini, foleni moja ya chipsi na foleni moja ya choo. Mzee anachagua kula au kwenda haja. Na mahali pa kusimama huchaguliwa kwa mapatano ya basi na mwenye hoteli, ambako wafanyakazi wa basi hula bure, na abiria hulipia sahani ya wali kwa bei isiyopatikana mjini. Ndiyo maana watu wanaosafiri mara kwa mara hufunga chapati na mayai nyumbani. Mimi pia. Kama kuna badiliko moja dogo ambalo lingeongeza starehe ya safari kuliko viti vya ngozi, ni vituo viwili vya dakika 25 kwenye safari ya saa kumi na mbili, vikiandikwa kwenye tiketi kama saa ya kuondoka inavyoandikwa. Kwa mwendo wa kilomita 80, basi halitachelewa kitu ambacho foleni moja ya mizani ya Vigwaza haijawahi kulichelewesha.

Desemba ni hadithi nyingine, ingawa haihitaji maneno mengi. Wiki ya Krismasi watu wa Moshi na Arusha wanarudi nyumbani wote kwa pamoja. Basi linapanda limejaa na kushuka tupu, mwenye basi anataka abiria wa kwenda amlipie na kurudi, na walanguzi wanaingia katikati. Mamlaka huongeza vibali vya muda na kuonya kuhusu nauli kikomo. Dawa ya abiria ni tiketi mtandao, akate mapema, ahakikishe jina lake na nauli aliyolipa vimeandikwa, na asikubali karatasi iliyojazwa kwa kalamu. Anayesafiri kwa basi la asubuhi kwenda Arusha achague kushoto, maana kuanzia Chalinze barabara inapoelekea kaskazini jua la asubuhi linachoma kulia. Na popote anapokwenda aepuke siti zilizo juu ya matairi ya nyuma, kwa kuwa hapo ndipo matuta yanapohesabiwa moja moja.

Shangazi alihamia basi la usiku mwaka jana. Sasa anakula chakula cha mchana nyumbani Tukuyu, anapandia Uyole jioni, na kunapokucha yuko Mbezi. Anachukua gari hadi Kimara, kisha basi la Mwendokasi, anafika kliniki kabla namba hazijaanza kuitwa. Gesti imeondoka kwenye hesabu, bajaji ya 20,000 nayo imeondoka. Siku ya kukata tiketi huomba siti ya mbele karibu na mlango, na hulipia daraja la kati bila kunung'unika, kwa sababu bado anabaki na akiba.

Daktari amemwambia anywe maji mengi. Lakini kuanzia adhuhuri ya siku ya safari hanywi hata tone, hadi afike Dar es Salaam, kwa sababu haamini kwamba basi litasimama mahali anapoweza kushuka kwa heshima gizani. Maji anayopewa na mhudumu anayapokea, anashukuru, anayaweka mkobani. Pale Mbagala, juu ya kabati la mwanawe, chupa zake zimepangwa kwa mstari, kila moja na nembo ya basi, na hakuna hata moja iliyofunguliwa.